Picha ya Mkuu kwenye Tovuti ya Wezi

Mkuu wetu wa chuo aliwahi kuwaandikia wezi barua rasmi. Nalisema hili mapema, vijana, kwa sababu nyinyi mnaofanya kazi ya kompyuta sasa mnapotutazama sisi wastaafu, naona machoni mwenu mnadhani kazi yetu ilikuwa kufuta vumbi kwenye kibodi na kuifunika mashine kwa kitambaa cha kudarizi. Vitambaa tulifunikia kweli, na vilikuwa vizuri. Lakini na wezi tulipambana nao.

Barua ilikuwa na kumbukumbu namba. Ilikuwa na "Yah:" iliyopigiwa mstari, na muhuri wa chuo, ule wa mviringo. Ilianza, "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu," kisha ikawaomba kwa heshima waache mara moja kujifanya sisi. Niliipiga chapa mwenyewe. Nakala kwa Mwenyekiti wa Bodi.

Ilipokwisha kutiwa saini ndipo tulipokumbuka kwamba hatujui wezi wanakaa wapi. Ila tovuti yao ilikuwa na sehemu iliyoandikwa "Wasiliana Nasi", basi Mkuu akaniagiza niiandike barua upya humo ndani, neno kwa neno, pamoja na "Nawatakia kazi njema" ya mwishoni. Nilipomuuliza kuhusu muhuri alifikiri kidogo, akasema niandike kwenye mabano kwamba muhuri upo.

Jibu lilikuja chai yangu ikiwa bado ya moto. "Barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi." Saini: Mkuu wa Chuo. Na chini ya saini, ombi dogo: ili suala lake lishughulikiwe haraka, aandike namba yake ya siri.

Mkuu alivua miwani, akasoma, akaivaa, akasoma tena.

"Mama Rehema," akasema, "angalau hawa wanajibu barua."

Sasa nirudi nyuma, maana nimeanza katikati kama kawaida yangu. Mimi ni mtu wa Kondoa mjini. Kwetu ni watu wa duka na msikiti. Babu yangu aliuza vitambaa, baba yangu akauza vitambaa, na mimi nikatoroka vitambaa kwa kujifunza kupiga chapa. Nikaja Dodoma na cheti changu cha maneno mengi kwa dakika, nikapata kazi, nikazoea upepo wa hapa unaokuingizia mchanga hata kwenye sukari. Kisha ikaja miaka ile ya soko huria. Mashirika yanauzwa, watu wanapunguzwa kazi, na kila mwenye kiwanja na kibao anafungua chuo. Kompyuta zilipoingia ofisini, wapiga chapa walirudishwa nyumbani kwa mafungu, wakipewa saa ya ukutani na hotuba. Mimi nilibaki. Wengine walisema nilibaki kwa uhodari. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa chumba kilimofungiwa kompyuta, na hakuna aliyetaka usumbufu wa kutafuta mwingine.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha watu binafsi, nje kidogo ya mji. Tulifundisha mabwana mifugo: kuchanja, kuogesha ng'ombe, kupasua jipu, kumzalisha mbuzi aliyekwama. Kwa kuwa vyuo vilikuwa vimeanza kugombania wanafunzi, Bodi ikaamua na sisi tuwe na tovuti. Kampuni moja kutoka Dar es Salaam ikaja, ikatutengenezea, ikapiga picha ya kumbukumbu na sisi, ikaondoka. Hatukuiona tena.

Tovuti yenyewe mngeiona mngecheka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa picha ya Mkuu. Sisemi kwamba picha ya Mkuu ilikuwepo, nasema ukurasa ulikuwa ndiyo hiyo picha. Mnajua ofisi zetu: kabla hujaona meza unaona picha ya mkubwa ukutani, na hatukuona kwa nini tovuti iwe tofauti. Intaneti ya wakati ule ilikwenda mwendo wa kobe, hivyo Mkuu alishuka taratibu kuanzia juu. Kwanza pazia la nyuma yake, kisha nywele, kisha paji la uso, na ikifika kwenye miwani umeme unakatika. Chini yake zilikuwepo "Salamu za Mkuu", ndefu, na chini kabisa ya salamu, kwa maandishi madogo, ile sehemu aliyoitafuta kila mtu: "Thibitisha nafasi yako."

Yule fundi wa Dar alinifundisha kitu kimoja tu kabla hajapanda basi. Alinifundisha kubadilisha picha ya Mkuu. Ndicho Mkuu alichokiomba, na ndiyo paswedi pekee niliyoachiwa. Kitu kingine chochote kikiharibika, nilitakiwa kumpigia fundi, na simu ya fundi haikupatikana.

Hiyo sehemu ya kuthibitisha ilifanya kazi hivi. Aliyechaguliwa alipokea barua yenye namba ya siri. Akiwa na ile namba aliingia kwenye tovuti, akasema ndiyo nakuja, kisha akahakikisha sanduku la posta ambako fomu zake za kujiunga zitatumwa. Watu wengi wa vijijini hawakuwa na sanduku lao. Walitumia la shule au la kanisa, na masanduku hayo yalibadilika kila mwalimu mkuu alipohamishwa. Kwa hiyo tuliruhusu mtu abadilishe sanduku mwenyewe. Tuliona tumewarahisishia sana wananchi. Na wezi pia tuliwarahisishia, kwa sababu aliyekuwa na namba ya siri ya mtu aliweza kuzielekeza fomu popote, na aliyefika getini na fomu ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Nafasi za chuo ziligeuka kuwa bidhaa, na kulikuwa na watu wazima, wenye suti, waliozinunua kwa ajili ya watoto wao bila kuuliza zimetoka wapi.

Wezi walifanya jambo jepesi. Walitengeneza tovuti kama yetu, picha ya Mkuu mbele, salamu zote, ila ile sehemu ya kuthibitisha wao waliiweka juu kabisa, kwa herufi kubwa. Nilipoiona mara ya kwanza niliona aibu. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwetu. Hata simu yao ilipokelewa.

Tulijuaje? Alitujulisha mtu mmoja aliyekaa kwenye benchi.

Asubuhi moja nilifika kazini nikamkuta nje ya ofisi ya Mkuu mwanamume mrefu, koti la kijani lililopauka, uso uliokaushwa na jua, amekaa wima na mfuko wa plastiki mapajani.

"Mbukwenyi, mama," akanisalimu kwa Kigogo. Kisha akakumbuka yuko ofisini, akaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba. Nikusaidie nini, baba?"

"Nimetoka Zuzu. Nasubiri fomu. Walisema hongera, lakini fomu haziji."

Alitoa kwenye ule mfuko karatasi aliyochapishiwa kwenye kafe ya intaneti mjini. Ilisema hongera, nafasi yako imethibitishwa, ikaeleza kwamba namba yake ya siri imepokelewa salama. Jina lilikuwa Yona Mlugu. Nikaingia ndani, nikatazama kwenye orodha yetu, nikakuta Yona Mlugu kweli amethibitisha, na fomu zake zimekwisha tumwa. Zimetumwa kwenye sanduku la posta la mji ambao Yona hakuwahi kuukanyaga.

Nikafikiri nazungumza na mzazi. Alionekana mtu wa makamo. Nikamwambia kwa upole kwamba fomu za mwanawe zimepotelea mahali, tutafuatilia. Akaniambia, kwa upole huohuo, kwamba hana mtoto wa umri huo. Yona ni yeye. Alikuwa amechunga ng'ombe wa watu tangu utoto, akasoma kwa kukatiza, akaurudia mtihani hadi wasimamizi wakamzoea, na safari hii amepita. Chuo chetu kilikuwa na ukomo wa umri. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwake.

"Mwakani sitakiwi tena," alisema. "Kwa hiyo nitakaa hapa mpaka mjue."

Akakaa. Kila asubuhi alikuja na treni au kwa miguu, sikumuuliza, akakaa kwenye lile benchi. Mkuu alipopita kuingia ofisini, alimwona mzee wa watu kakaa, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Yona alishtuka siku ya kwanza, akaitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo. Baada ya hapo hakuwa na jinsi. Mkuu wa Chuo alimwamkia mwombaji wake kila siku ya Mungu, na mwombaji aliitikia huku akitazama sakafu. Mimi nilijua, nikanyamaza, maana nilifurahi mno.

Basi ndipo ikaandikwa ile barua. Ilipojibiwa vile, Mkuu akaja na wazo la pili: tangazo. Tulibandika matangazo kwenye mbao zote za mji, kituo cha mabasi, posta, hata Kongwa na Mlali tukapeleka. "Tunawatahadharisha wananchi wasifungue kabisa tovuti ifuatayo," na chini yake, kwa herufi nzito zisizoweza kumpita mtu, anuani kamili ya tovuti ya wezi. Ya kwetu hatukuiandika. Nafasi haikutosha.

Mwenye kafe ya intaneti karibu na stendi alikuwa Hemedi, mtu wa kwetu Kondoa, ana ulimi mwepesi na kompyuta zilizochoka. Akanipigia.

"Dada, leteni matangazo mengine."

"Kwa nini?"

"Foleni imefika nje. Kila mtu anakuja na anuani yenu kaiandika kiganjani. Anataka kuona hicho alichokatazwa."

Wengi wao, akasema, wakishaiona wanaisifu.

Hemedi ndiye aliyenifundisha jambo ambalo nataka mlishike, maana bado ni la kweli hata leo mashine zenu zikiwa nyembamba kama chapati. Aliniambia kwamba tovuti ni mpangaji. Haielei hewani, imekaa kwenye mashine ya mtu fulani, na huyo mtu ndiye mwenye nyumba. Mpangaji akiwa mwizi, kubishana naye mlangoni ni kumfurahisha tu. Nenda kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba hana ugomvi na wewe wala mapenzi na mwizi. Anataka amani na kodi yake. Na jina la mwenye nyumba linatafutika, kuna mahali pa kuuliza. Aliuliza, akalipata: kampuni moja huko ng'ambo, yenye anuani maalumu ya kupokea malalamiko.

La pili, akasema, kabla hujalalamika chapisha ukurasa wote wa mwizi, uwe nao mkononi. Wezi huhama. Ukienda kumwonyesha mtu nyumba kisha ukamkuta kiwanja kitupu, wewe ndiye unayeonekana mwongo.

La tatu nililijua mwenyewe kwa kazi yangu: andika kifupi. Lakini hilo lilinishinda, kwa sababu mwandishi alikuwa Mkuu. Barua pepe yetu ya kwanza kwa mwenye nyumba ilianza na historia ya chuo, ikapitia malengo na dira, ikamshukuru mwenye nyumba kwa ushirikiano wake ambao bado hajautoa, na kwenye aya ya mwisho ikagusia kwamba kuna wezi.

Jibu lilikuwa la adabu na lilituumiza. Tumepokea malalamiko, walisema. Lakini tovuti mnayoilalamikia ina anuani za barua pepe zenye jina la chuo, na nyinyi mmetuandikia kutoka kwenye anuani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kujifungulia. Simu iliyo kwenye tovuti yao inapokelewa. Iliyo kwenye yenu tumepiga, imekatwa. Tafadhali thibitisheni kwamba nyinyi ndio chuo halisi.

Niliisoma kwa sauti. Mkuu akauliza kama wanaujua muhuri wetu. Nikamwambia hawaujui. Tukauskani hata hivyo, tukautuma. Wakatujibu kwamba muhuri ni mzuri, lakini hata ule ukurasa mwingine unao, na wa kule unasomeka vizuri zaidi.

Nje, Yona alikuwa amekaa kwenye benchi. Siku ya kuripoti ilikuwa inakaribia, na nafasi ya Yona kwenye orodha yetu ilikuwa na alama ya vema, mali ya mtu mwingine.

Tulipokuwa tumekwama hivyo, likatokea jambo la kawaida kabisa. Mkuu alishona suti mpya. Mwenyekiti wa Bodi alikuwa anatutembelea, Mkuu akapigwa picha mpya akiwa ndani ya suti hiyo, akaniletea niibadilishe kwenye tovuti. Kazi pekee niliyoijua. Niliibadilisha, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Kesho yake Hemedi kanipigia. "Dada, wezi nao wamemvalisha Mkuu suti mpya."

Nilikwenda kafe mbio mbio. Kweli. Tovuti ya wezi, suti ya kijivu, tai ya mistari, hata siku mbili hazijapita. Mkuu alipopata habari rangi ilimtoka. Picha ile alikuwa nayo mpigapicha, yeye, na mimi. Kwa hiyo, kwa hesabu zake, mwizi alikuwa ndani ya ofisi. Aliniangalia kwa jicho ambalo sikulipenda, na nakwambieni niliumia. Mtu unaishi naye miaka yote ile, unamjua hadi kiasi cha sukari yake, halafu anakuangalia hivyo. Nilirudi kafe nimefura.

Hemedi alikuwa anacheka peke yake. Alikuwa amechungulia maandishi ya ndani ya ule ukurasa, yale ambayo mtazamaji wa kawaida hayaoni. "Hawakuiba picha," akasema. "Wavivu hawa. Wameiba maneno tu. Pale penye picha wametoboa dirisha linalotazama ukuta wenu. Chochote mnachotundika nyinyi, kinaonekana kwao."

"Chochote?"

"Jaribu."

Nilikuwa na picha ya fahali wa chuo, mnyama mzuri, tuliyempiga picha kwa ajili ya kijitabu cha maelezo. Nikaingiza paswedi yangu, nikamwondoa Mkuu, nikamweka fahali. Hemedi akafungua tovuti ya wezi. Ikashuka taratibu: pembe, masikio, macho mapole, na chini yake jina kamili la Mkuu wetu na maneno, "Nawakaribisha nyote." Hemedi alilala juu ya kibodi kwa kucheka. Nikamrudisha Mkuu haraka kabla hajatokea mtu wa Bodi.

Mnaona tulichokuwa tumekipata? Kwanza, njia ya kuwaonya waombaji palepale kwenye mlango wa mwizi. Pili, ushahidi kwa mwenye nyumba ambao mwizi hawezi kuughushi: tunamwambia leo kwamba kesho mchana picha hiyo itageuka, na kesho mchana inageuka. Aliye na ukuta ndiye mwenye picha.

Ila ukuta ulikuwa mmoja. Nilijua kubadilisha picha tu. Kuifanya ionekane kwao isionekane kwetu ilikuwa kazi ya yule fundi asiyepatikana. Tukiandika onyo, litaonekana kote kuwili. Na popote litakapoonekana, chini yake kutakuwa na jina la Mkuu.

Nilimweleza. Nilimwonyesha kwenye karatasi litakavyokaa, maana mimi ni mpiga chapa, napenda kuona mpangilio:

WEZI.
USIANDIKE NAMBA YAKO HAPA.
Mkuu wa Chuo. Nawakaribisha nyote.

Aliitazama karatasi ile muda mrefu.

"Haiwezekani," akasema. "Mama Rehema, mimi nina watoto."

"Naelewa, Mkuu."

"Weka ya Makamu."

"Jina la chini litabaki lako."

"Tufanye kwa njia ya barua."

"Barua wameshaijibu, Mkuu."

Akasimama, akachukua kofia yake, akatoka. Mimi nikamfuata nikikusanya maneno. Mlangoni akamkuta Yona, na hata kwa hasira zile malezi hayakumwacha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Yona akasema kwa taabu.

Mkuu akasimama. Sijui kwa nini siku ile alisimama. "Hivi mzee, mwanao bado hajapata fomu tu?"

Yona akainuka. Akavua kofia. "Samahani, Mkuu. Si mwanangu. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mwombaji. Yona Mlugu. Mimi ni mdogo wako, Mkuu. Nimekuwa naitikia tu kwa aibu, wewe ni mkubwa, ningekukatalia vipi?" Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, akainamisha kichwa akalipa deni lote kwa mkupuo. "Shikamoo."

Mkuu hakuitikia upesi. Alimtazama yule mtu kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala za tairi. Akamuuliza habari zake, na Yona akamweleza pale pale wamesimama, ng'ombe wa watu, mitihani, ukomo wa umri, ile karatasi ya hongera. Alieleza bila kulalamika. Alisema tu kwamba picha ya Mkuu ndiyo iliyomfanya aamini. Alipoiona ikishuka kwenye kioo alijua amefika mahali penyewe, na akaandika namba yake.

"Marahaba," Mkuu akasema hatimaye. Kisha akanigeukia. "Toa."

"Nitoe nini?"

"Picha yangu. Toa. Andika hayo maneno yako. Na yawe mekundu."

Nikaandika mimi barua pepe safari hii, mistari michache: kesho mchana, mahali pa picha ya mtu huyu, mtaona maandishi mekundu; sisi ndio tutakaoyaweka; tunaomba mtazame. Kesho yake mchana nikayaweka. Niliyachora kwa mtindo wa herufi nzito, mekundu kama ile rangi ya kufutia makosa kwenye stensili za zamani, na nakiri niliona raha.

Yule mtu wa kampuni ya ng'ambo akajibu kwa sentensi moja kwamba ameona. Kabla ya magharibi Hemedi akanipigia, safari hii hakutania. "Imeondoka, dada. Peupe." Mwenye nyumba alikuwa amemfukuza mpangaji.

Msidhani Mkuu alipongezwa. Tovuti yetu wenyewe ilibaki inamwita mwizi siku kadhaa, maana niliogopa kulitoa onyo kabla hatujawa na hakika, na katika siku hizo Mwenyekiti wa Bodi alimfungulia mgeni wake tovuti ya chuo anachokisimamia. Mkuu akaitwa kujieleza. Alikwenda na kurasa zote nilizochapisha chini ya kwapa, akarudi jioni shati limeloa. Sikumwuliza. Aliniomba radhi kwa lile jicho, nami nikampa chai.

Lakini kwa kuwa sasa Bodi ilikuwa imekiri kwamba wezi walikuwepo, aliweza kufanya lililotakiwa. Kila aliyebadilisha sanduku la posta alisimamishwa, wenye barua zao halisi wakaitwa waje wenyewe, na fomu zikatolewa mkononi. Yona alizijaza juu ya lile benchi, ameweka ubao wa tangazo letu mapajani kama meza. Siku ya kuripoti alifika kijana mmoja msafi na baba yake, wana fomu za Yona Mlugu, na vyeti, walisema, vilipotea, ila taarifa ya upotevu kutoka polisi wanayo. Mlinzi akawaambia Yona Mlugu yumo ndani anapewa godoro. Yule baba aliitazama fomu, akamtazama mwanawe, akaikunja vizuri, wakaondoka. Nilimwonea huruma yule kijana.

Mkuu hakutaka tena picha yake mbele. "Weka ng'ombe," aliniambia. Basi fahali akakaa ukurasa wa kwanza hadi nilipostaafu, na waombaji waliongezeka.

Nimewaeleza haya kwa sababu juzi simu yangu iliita. Namba ngeni, sauti ninayoijua.

"Mbukwenyi, mama."

Ni Yona. Siku hizi ni mkubwa, ana chuo chake kidogo upande wa Kongwa, wafanyakazi, gari, kitambi kwa mujibu wa maelezo yake. Akaniambia wezi wamemtengenezea tovuti ya bandia, wanachukua waombaji wake. Amekwisha waandikia wenye mitambo, wanataka uthibitisho. Ameona kwamba wezi wale nao ni wavivu kama wale wetu: picha wanaivuta kutoka kwake.

"Basi dawa unaijua," nikasema. "Picha gani iko mbele?"

Akaanza kuniuliza habari za afya yangu.

"Yona. Picha gani?"

"Ya kwangu, mama."

"Na suti?"

"Mpya." Akakohoa. "Mama, hakuna njia nyingine? Nina watoto. Na wiki hii nina ugeni wa Bodi."

"Ipo. Waandikie barua. Usisahau muhuri."

Alicheka, lakini kicheko cha mtu ambaye hajaamua. Nikamuuliza kama nje ya ofisi yake pana benchi. Akasema lipo. Nikamuuliza kama kuna mtu. Nikasikia kiti kikisogezwa, mlango ukifunguliwa, na kwa mbali sauti ya msichana ikisema shikamoo.

Akarudi kwenye simu.

"Ametoka Mlali," akasema. "Anasubiri fomu."

"Umemwitikia?"

"Nimemwitikia, mama." Nikamsikia anamwita kijana wake wa kompyuta aje na ile paswedi.